Mwaka wa Kuitafuta Rue des Cordiers

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri tramu pale Place Liedts, mifuko ya sokoni mikononi, mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe akasimama mbele yangu akawa ananitazama. Nilidhani anataka kuuliza njia. “Furaha,” akasema, “ni mimi, Annick.” Nilishtuka, si kwa kuwa nilikuwa nimemsahau, bali kwa kuwa uso niliouona ulikuwa wa mama yake, Madame Mertens, ambaye tulimzika zamani. Tukaingia kwenye mkahawa wa Waturuki kando ya kituo, tukanywa chai katika vile vigilasi vyao vidogo. Aliniambia amestaafu, miguu inamsumbua, mume wake hayupo tena. Kisha akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari, akaniuliza kama bado naukumbuka ule mwaka niliokaa kwao. Nikamjibu naukumbuka. Hatukuendelea zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile usingizi wangu umeharibika. Mimi ambaye sasa vijana nisiowajua wananipisha kiti ndani ya basi na kuniita maman, najikuta niko tena katika jiko lile la Schaerbeek, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyetoka Goma, nimevaa sweta la kuazima, nikisikiliza nyayo za mwanamke mzee juu ya mbao.

Nyumba ilikuwa nyembamba, imekwenda juu kama kabati, moja ya zile zilizojengwa kwa safu karne ya kumi na tisa: vyumba vitatu vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, cha mbele kinapata jua, cha nyuma kinapata bustani, na cha katikati hakipati kitu, giza hata mchana. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, na mvua ikinyesha nilikuwa naisikia karibu na sikio. Aliyenipatia chumba kile ni tonton Balthazar, mjomba wa heshima, mtu wa kwetu aliyekuwa akikaa Saint-Gilles, upande mwingine wa jiji, ambaye kanisani kwake alikuwa amemsikia Annick akitafuta mwanafunzi wa kukaa na mama yake. “Bon, sikia,” tonton aliniambia siku ananipeleka. “Ule maman ni muzee, kichwa yake inaanza kupotea kidogo. Utakuwa naye magaribi, utalala pale, na mutoto wake atakuachia chumba. Donc, heshima. Ukiona kitu yenye hauelewe, unanipigia telefone.” Nilicheka. Nilidhani kichwa kupotea maana yake ni kusahau miwani.

Majuma ya kwanza yalikuwa mazuri. Tulikula mapema, jua likiwa bado halijazama: supu ya vitunguu majani, mkate uliopakwa jibini nyeupe na vipande vyembamba vya figili, kahawa iliyochanganywa na chicory, mzizi wa kukaanga, ambayo mwanzoni niliiona chungu na baadaye nikawa siwezi kukosa. Madame Mertens aliwahi kushona kofia karakanani, na mikono yake haikutulia. Hata alipokaa bure ilikuwa inakunja kitambaa cha meza na kukikunjua. Aliniita petite, mdogo. Aliniita hivyo hata aliponikasirikia. Kifaransa chake kilikuwa kimejaa maneno ya Kiflemi ya mjini, na mimi nilimjibu kwa Kifaransa changu cha shule ya masista. Hapa nayaandika mazungumzo yetu kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo ninavyoyasikia siku hizi. Alipenda kunihadithia mtaa wake, rue des Cordiers, mtaa wa wasokota kamba. Alinieleza mkate wa jirani ulivyonukia alfajiri, muuza majiko ya chuma aliyekuwa kiziwi, baa ndogo ya baba yake yenye mlango wa kijani. Alisema “jana” na “leo asubuhi,” nami nikadhani ni namna yake tu ya kusimulia.

Alasiri moja ya Oktoba nilirudi kutoka chuoni nikamkuta mlangoni amevaa koti na kofia, mkoba mkononi. Nikamuuliza anakwenda wapi. “Nyumbani,” akasema. “Mama ananingoja.” Nikamwambia nyumbani ni hapa, Madame. Akaniangalia kwa upole, kama mtu anayemwelewesha mgeni. “Hapa ni kwa watu, petite. Siwezi kulala kwa watu.” Nikavaa koti langu nikamfuata. Alitembea upesi kuliko nilivyomdhania. Tulipita ule mtaa ulio nyuma ya reli, ambako wanawake wanakaa madirishani chini ya taa nyekundu wakingoja wanaume, naye akawasalimia mmoja mmoja, “bonjour, madame, bonjour, madame,” kama anavyosalimia majirani wanaouza vitambaa, na baadhi yao wakampungia mkono. Tukapita chini ya daraja la reli. Upande wa pili kulikuwa na maghorofa marefu ya vioo, uwanja mtupu na upepo. Madame Mertens akasimama. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Mimi nikiwa nimeshika ramani ya watalii nikawa natafuta rue des Cordiers kwenye orodha ya majina. Haikuwemo. Nilimuuliza polisi, nikamuuliza dereva wa teksi. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo.

“Kwa sababu haupo,” Annick aliniambia kesho yake, akiwa amesimama jikoni bila kuvua koti. “Waliubomoa. Si huo tu, mitaa yote ile. Mimi nilikuwa msichana. Walitwambia nyumba ni chafu, ni za zamani, hapa patakuja jiji jipya. Tukafungasha. Halafu kwa miaka palikuwa na majani na madimbwi tu, na mama alikuwa anapanda tramu anakwenda kuyaangalia.” Nikamuuliza nifanye nini akitaka kwenda tena. Akasugua macho. “Mwambie mtakwenda kesho. Atasahau.” Nilijaribu. Lakini Madame Mertens hakusahau. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, koti mwilini, na baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini ninamfungia.

Nilikuwa nasoma jiografia, kwa hiyo nilifanya kitu pekee nilichokijua. Nilikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya manispaa, nikaomba kuona ramani za zamani za upande ule wa reli. Mwanamke aliyekuwa zamuni alizileta moja baada ya nyingine akazitandaza mezani, na sidhani kama kabla ya siku ile nilikuwa nimewahi kuitazama ramani kama mtu anavyotazama uso. Kwenye ile kongwe hapakuwa na mtaa: palikuwa na bustani za mboga, mifereji, na mto Senne ukijipinda nyuma ya mashamba, mto ambao leo unapita chini ya lami na wengi wanaokanyaga juu yake hawajui. Kwenye iliyofuata reli ilikuwa imeshafika, na bustani zilikuwa zimekatwakatwa viwanja, kila kiwanja na namba yake, mistari myembamba ya wino mweusi. Hapo ndipo nilipouona: rue des Cordiers, mfupi, umepinda kidogo katikati kwa sababu wajenzi walifuata ukingo wa mfereji uliokuwepo kabla yao. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu. Kisha akaniletea ramani ya juzijuzi. Mtaa umefutika, na mahali pake pamechorwa mstatili mmoja mkubwa, mweupe, wa jengo la ofisi.

Niliunakili mtaa ule kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, nikawa naiweka juu ya ramani mpya na kuisogeza mpaka reli ilale juu ya reli. Toka siku hiyo Madame Mertens alipotaka kwenda nyumbani, tulikwenda. Nilimwambia, “Sasa tunaingia rue des Cordiers,” mahali ambapo macho yaliona tu maegesho ya baiskeli, naye akaniamini, akaongeza hatua. Alinionyesha. Hapa kwa mwokaji. Hapa kwa kiziwi. Katikati, pale mtaa ulipopinda, alipinda na yeye, ingawa njia ya leo imenyooka. Nikitazama karatasi yangu nilikuta hajakosea. Alifika mbele ya ukuta wa vioo, akaukagua, akasema, “Mama ametoka,” halafu tukarudi nyumbani kunywa kahawa. Siwezi kusema nilikuwa namponya. Lakini usiku alilala, na mimi nililala.

Mume wa Annick hakupenda. Jumapili moja niliwasikia yeye na Annick wakiongea katika kile chumba cha katikati, wakidhani niko juu. “Yule msichana anaulisha ugonjwa,” mume alisema. “Anampeleka mwenyewe. Siku moja mama yako atakwenda peke yake.” Annick akajibu kwamba mama yake ana furaha sasa. “Furaha ya nini? Ya kutembea kwenye uwanja mtupu?” Kisha nikasikia jina la nyumba ya wazee iliyoko Etterbeek. Nilipanda ngazi bila viatu. Mpaka leo sijui kama yule bwana alikosea. Nimefikia umri wa Annick wa wakati ule na kuupita, nimewaona watu wangu wakizeeka, na bado swali lile sijalipatia jibu.

Kisha ikaja Januari. Tulikuwa mezani, televisheni imewashwa bila sauti kama kawaida, nikainua macho nikaona moto unatiririka katikati ya barabara ninayoijua. Mlima wa kwetu ulikuwa umepasuka. Niliona ukuta wa duka, bango la duka, kisha bango halipo. Birere, mtaa wetu, ulikuwa unafunikwa, na mtangazaji alikuwa anaongea taratibu kuhusu kitu kingine. Madame Mertens aliniangalia, akaangalia skrini, akasema, “Wanabomoa tena.” Nilikwenda kwenye simu ya ukutani nikapiga, nikapiga, na kila mara sauti ya mashine ilinijibu kwa adabu kwamba namba hiyo haipatikani.

Siku zilizofuata niliishi zaidi kwa tonton Balthazar kuliko kwangu. Sebule yake ndogo ya Saint-Gilles ilijaa watu wa Goma, wengine nilikuwa sijawahi kuwaona, kila mmoja na kadi yake ya simu mkononi, akina mama wanapika sombe, yaani kisamvu, na bugali ambao hakuna aliyekuwa na hamu nao. Mchana wa Jumapili simu ililia, tonton akaitika, akanipa. Ilikuwa sauti ya mama, anapiga kutoka Gisenyi, ng’ambo ya mpaka. Wako wazima, yeye, Aline na wadogo zangu wengine. Nyumba imekwisha. Nikamuuliza koko, yaani bibi yangu, mama yake mzazi, yuko wapi. Mama akavuta pumzi. “Tulikuwa karibu kufika ku barrière ya mupaka,” akasema. “Koko anasema, nimeacha mulango wazi, ngoja niende kufunga. Tukamwambia, acha, koko, moto inakuja. Akaachilia mukono ya Aline, akarudi. Bantu balikuwa benyi, Furaha. Hatukumuona tena.” Simu ikakatika. Nikabaki nimeishika. Maman mmoja nisiyemjua akanivuta akaniegemeza kifuani kwake.

Kabla chozi halijakauka simu ile ile ikalia tena. Nilidhani ni mama. Ilikuwa ni Annick, anahema. Alikuwa amebaki na mama yake, akasinzia kwenye kochi, alipoamka mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wameshazunguka mitaa yote ya jirani, mume wake alikuwa na gari anatafuta. “Wewe unaijua njia yake,” aliniambia. “Tafadhali, Furaha. Kuna barafu nje.” Tonton alisikia, akatikisa kichwa. “Hapana, mutoto yangu. Uko ndani ya matanga. Ile ni mama yao, waende bamutafute benyewe.” Nilikuwa nimeshavaa koti. “Tonton,” nikamwambia, “huyu mimi ninaweza kumufikia.” Alinitazama kidogo, akachukua kofia yake, tukashuka pamoja ngazi.

Ndani ya tramu nilitandaza karatasi yangu magotini. Nilijua jambo ambalo Annick na mume wake hawakulijua: Madame Mertens hakutembea katika jiji walilokuwa wanalizunguka na gari. Alitembea katika jiji la wino mweusi. Njia yake ya zamani haikupita barabara kubwa. Ilikata nyuma ya yadi ya mizigo, ikaingia rue des Cordiers kwa upande wa mto, na upande huo leo umezibwa na ubavu wa jengo la ofisi, penye mlango mdogo wa wafanyakazi. Tulikwenda huko moja kwa moja, tonton ananishika mkono nisiteleze. Nyuma ya kioo nilimwona, ameketi kwenye kiti cha mlinzi, blanketi mabegani, kandambili za nyumbani miguuni zimelowa. Mlinzi alikuwa kijana wa Kinshasa. Akanisemesha kwa Lingala, akaona ninababaika, akageukia Kifaransa: “Alikuwa anagonga kioo na funguo. Anasema anakaa hapa. Nikasema, sawa mama, karibu, ingia.” Madame Mertens aliponiona alikunja uso. “Wamebadilisha kufuli,” akasema.

Katika teksi, tonton akiwa amekaa mbele, nilianza kulia na nikashindwa kunyamaza. Madame Mertens alitoa leso kwenye mfuko wa koti akanifuta, kwa nguvu, kama mtu anavyofuta uso wa mtoto. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia kila kitu, moto, barrière, koko aliyeachia mkono akarudi kufunga mlango. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, “Alifika?” Nikasema sijui, Madame. Akafikiri. “Ilikuwa mbali?” Si mbali, nikasema. “Basi alifika,” akasema, akakiegemeza kichwa changu begani kwake. Nimeambiwa maneno mengi ya rambirambi katika maisha yangu, na watu wenye akili timamu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Bado sijui kama maneno yale yalinisaidia au yaliniumiza. Najua tu kwamba ndiyo niliyobaki nayo.

Baada ya siku ile Annick alikata shauri juu ya ile nyumba ya wazee, na hakuna aliyebishana naye, hata mimi. Kabla ya kumhamisha, tulikuwa tunapanga nguo zake jikoni, Madame Mertens akawa mtulivu na mwenye akili kama siku za kwanza. Akaniomba ile karatasi yangu, akaigeuza upande usio na kitu, akanipa penseli. “Chora kwenu,” akasema. Nikamwambia kwetu hakuna tena, na ramani yake sijawahi kuiona. Sijui hata kama kuna mtu aliwahi kuichora. “Ndiyo maana,” akasema. Nikaanza kuchora barabara, na yeye akawa anauliza kama mpima viwanja. Nani anakaa kwenye kona? Mama Sifa, anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani. Na kando yake? Fundi wa baiskeli. Ukuta wa nini? Wa mawe meusi ya mlima, ya moto wa zamani. Mlango unatazama wapi? Niligundua kuna mahali nisipopakumbuka, nyumba kati ya ile yenye cherehani na kisima, na nikaogopa. Annick alikuwa amesimama na sanduku mkononi anatuangalia, na hakuturudishia maneno ya mume wake juu ya kulisha ugonjwa. Karatasi ilijaa. Madame Mertens akaikunja akaitia ndani ya mkoba wake, sikuwa na moyo wa kumdai.

Nilihamia Saint-Gilles, kwa tonton, na kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Etterbeek kumwona. Ilikuwa nyumba safi, yenye joto, inanuka sabuni na supu. Alikuwa anapungua. Mara nyingine alinijua, mara nyingine aliniita bibi wa chama cha washonaji. Rue des Cordiers aliacha kuitaja, na nilipomkumbushia mlango wa kijani aliniangalia kana kwamba namsimulia habari za watu wengine. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimeubeba ule mtaa majira yote ya baridi, na sasa hapakuwa na mtu wa kumrudishia.

Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi mlezi alinisimamisha ukumbini. “Samahani,” akasema, “Madame Mertens aliwahi kuishi Afrika? Anatuambia kila siku kwamba kwao nyumba ni za mbao, na ukuta ni wa mawe meusi yaliyotoka mlimani. Anasema ametoka bila kuaga.” Nilisema hapana, hajawahi, nikaingia chumbani. Alikuwa amesimama dirishani, amejiandaa. “Petite,” akasema, “nipeleke. Nimeanza kuisahau njia.” Nilimpa mkono wangu. Tukatoka, tukashika ukumbi mrefu wenye milango pande zote mbili, taratibu, na mimi nikawa nampitisha Birere: hapa barabara kubwa, hapa tunaacha lami, hapa kwa mama Sifa wa sambaza, hapa cherehani, na pale mbele ndipo kwetu. Madame Mertens akasimama, akanivuta nirudi nyuma hatua kidogo.

“Umemruka fundi wa baiskeli,” akasema.

Na kweli, nilikuwa nimemruka.